Viatu vya Maman Kokila

Kuna siku moja naikumbuka kuliko siku zote za ujana wangu, mwanangu, na kila nikiikumbuka naona aibu upya. Jana umeniambia kwamba yule papa mzee unayemhudumia huko mtaa wa Jette anataka umsindikize kwenye ibada ya dini yake, nawe hujui umjibu nini. Sitakujibu upesi. Haraka haraka haina baraka, na jambo lenyewe lilinichanganya mimi kabla yako, tena limenichanganya mpaka leo. Kaa, chai bado ya moto.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimetoka Bukavu kwa sababu ya vita, na kazi yangu ya kwanza hapa Brussels ilikuwa kumwangalia mama mmoja Mhindi aliyeitwa Kokila. Usishangae nikimwita Maman. Yeye na mumewe, Papa Mohan, waliuza vitenge Bukavu kwa zaidi ya miaka thelathini, na Kiswahili chake kilikuwa kile kile cha sokoni kwetu. Vita vilitukimbiza sote, sisi na wao. Mtoto hawakujaliwa. Papa Mohan alipofariki hapa, mwili wake ulichomwa kwa desturi yao, na Maman akabaki na majivu ndani ya chungu cha shaba kilichofungwa kitambaa chekundu, juu ya kabati, karibu na televisheni.

Papa Mohan alikuwa amemwachia neno moja. Alitaka amwagwe kwenye mto Ganga, katika mji wa Haridwar huko India, pale pale babu yake alipomwagwa, na Maman ammwage kwa mkono wake mwenyewe. Maman aliahidi. Lakini magoti yake yalikuwa mabovu, hata ngazi za metro hakuweza kuzishuka bila mtu. Akaniomba mimi.

"Furaha, wewe utanishika tu mukono," akaniambia. "Ingine yote nitafanya mimi."

Nikakubali. Kabla ya safari nikaenda Matonge, mtaa wa Wakongo hapa Brussels, kumwona mchungaji wetu, ambaye tulisali naye katika chumba cha nyuma ya saluni moja. Akaniombea, kisha akaninyooshea kidole. "Usiingie mu nyumba ya sanamu. Usikule chakula yao. Na ile mayi yao, usiguse." Nikasema amina. Sikumwuliza nitamshikaje mkono mtu anayeingia majini bila mimi mwenyewe kugusa maji. Ujanani, mwanangu, tunasema amina kwanza, kufikiri kunakuja baadaye.

Tembea uone, walisema wahenga, lakini hawakusema kwamba utaelewa unachokiona. Mji ule wa Haridwar wote ni mahekalu. Kengele zinalia kila upande, ng'ombe wanapita katikati ya watu, nyani wamekaa juu ya kuta wanangoja kumnyang'anya mtu nazi yake. Siku ya kwanza tulipanda kwenye hekalu la mlimani kwa vibanda vidogo vinavyoning'inia kwenye waya. Kutoka juu nikauona mto umetawanyika bondeni, maji yake ya kijani, nikakumbuka Ruzizi, mto wetu wa Bukavu, machozi yakanitoka. Nikajiuliza kama kulilia mto wa watu ni dhambi.

Mlangoni mwa hekalu watu huvua viatu. Maman akavua vyake, akaingia, nami nikabaki nje nimevikumbatia, nasali kimoyomoyo. Alipotoka akaninyooshea peremende za sadaka za humo ndani. Nikasema nimeshiba, na njaa ilikuwa inaniuma kweli kweli.

Hekalu la pili vile vile. La tatu vile vile. Siku ya pili watu wakaanza kuniachia viatu vyao, wakidhani ndiyo kazi yangu. Nilikuwa na jozi kumi na moja miguuni pangu, na bibi mmoja akanipa ndizi ya shukrani. Nikaiangalia ile ndizi. Je, ni chakula chao, au ni ndizi tu? Humo ndani walikuwa wanaimba, na mguu wangu ukaanza kufuata ngoma bila kuniomba ruhusa. Cheka tu, mwanangu, hata mimi sasa nacheka.

Siku ya tatu asubuhi tukashuka mtoni. Ngazi za mawe zinaingia ndani ya maji, na kuna minyororo ya kushikilia kwa sababu mkondo una nguvu sana. Maman akavua viatu akanipa, akakumbatia chungu chake, tukashuka pole pole mpaka ngazi ya mwisho iliyokuwa kavu. Hapo miguu yangu ikagoma. Nikasikia kabisa sauti ya mchungaji.

"Furaha, mukono," akasema Maman.

"Maman, shika ule munyororo. Nitakungojea hapa na viatu."

Akaniangalia. Hakunibembeleza. Akashika mnyororo kwa mkono mmoja na chungu kwa mkono mwingine, akaingia. Sasa kitambaa angekifungua kwa mkono gani? Kazi ile ilitaka mikono mitatu, na wa tatu ulikuwa wangu, nami nilikuwa nimeujaza viatu. Akauachia mnyororo ili afungue fundo, akateleza. Wanaume wawili wakamdaka kwa nguo. Chungu kikaenda, kimefungwa vile vile, chekundu juu ya maji, halafu hakikuonekana tena.

Nikatupa viatu, nikaingia majini mpaka magotini na viatu vyangu mwenyewe miguuni. Nikashika maji matupu. Hata kiatu kimoja cha Maman kilikwenda.

Tukaketi kwenye ngazi, sote tumelowa. "Nisamehe, Maman," nikasema. "Ni kwa sababu ya Mungu, mi..."

"Usimuweke Mungu mu ile," akanikatiza. "Mungu hakukuambia uniache. Uliogopa. Sema, niliogopa."

Nikasema, niliogopa. Ndipo akalia. "Sikumufungua, Furaha. Amekwenda amefungwa. Nilimuahidi mukono yangu."

Majuto ni mjukuu, huja baadaye, nami nilimpata wangu nikiwa na miaka ishirini na minne.

Mchana ule ule akanivuta kwa kuhani wa ukoo wao, yeye mguu mmoja na kiatu, mwingine na soksi ya sufu ya Brussels. Huko kila ukoo una kuhani wake anayetunza madaftari marefu, yameviringishwa kama mikeka. Ndani yake wameandikwa wafu wa ukoo, na walio hai waliowaleta mtoni. Yule mzee akayakunjua mpaka akampata babu yake Papa Mohan, kisha baba yake. Akachukua kalamu, akauliza kitu. Maman akajibu kwa lugha yao, huku akinionyesha mimi.

"Umemuambia nini?" nikauliza.

"Aandike Mohan aliletwa na bibi yake Kokila, na mutoto yao Furaha, wa Bukavu. Na mutoto alishika mama mukono."

"Maman, ile ni uongo. Nilikuacha."

"Bon," akasema, macho yake kwenye kalamu. "Utaifanya ikuwe kweli. Ningali muzima."

Nilimshika miaka tisa, mwanangu. Kwenye ngazi za metro, kwenye barafu ya Januari, mpaka alasiri yake ya mwisho kwenye kitanda cha hospitali, huko huko Jette unakofanya kazi. Nilikuwa nimemshika kwa mikono yote miwili. Akafungua macho, akaniuliza, "Viatu yangu iko wapi?"

"Iko chini, Maman."

"Iache chini," akasema.

Mimi bado nasali Matonge. Kama nilikosea kwa kuingia katika mto ule, sijui. Kama nilikosea kwa kuchelewa kuingia, hilo najua. Kwa hiyo shauri langu ni hili. Msindikize mzee wako. Hakuna anayekulazimisha kuinama pale ambapo moyo wako hauinami, wala kusema maneno usiyoyaamini. Lakini mtu akikuomba mkono, kwanza tua chini chochote ulichobeba, hata kama ulikibeba kwa jina la Mungu. Na ukiogopa, sema unaogopa, usimsingizie Mungu.

Haya, nenda, anakungoja. Mungu akupe mikono isiyochoka, na siku yako ya kushuka ngazi ikifika, asikose mtu wa kuingia majini pamoja nawe.