Nusu Kidonge

Ninyi vijana mtakaosoma haya, ketini vizuri kwanza. Mnasikia watu wakigombana kwa sababu ya matibabu ya bure na mnadhani ni mambo ya televisheni. Kwangu yaliingia ndani ya nyumba, na mwenye makosa nilikuwa mimi.

Tunaishi mtaa wa Winson Green, huku Uingereza, kwenye nyumba zile zilizoshikana ukuta kwa ukuta: mimi, mwanangu wa mwisho, mkewe na watoto wao wawili. Nilipiga deki hospitalini miaka mingi mpaka nikastaafu. Hapa ukishatimiza miaka sitini, dawa hulipii. Mwanangu ni mkata nyama kiwandani. Ana presha na pumu, na kila dawa anayoandikiwa anailipia, ingawa alishatozwa ada ya matibabu alipoomba viza, na kwenye mshahara anakatwa tena. Viza yenyewe imefungwa kwa kiwanda hicho. Akiacha kazi, anarudi Kenya. Msaada wa serikali haruhusiwi kuomba.

Jirani yetu ni mama wa Kongo mwenye figo mbovu. Hafanyi kazi, anaishi kwa huo msaada. Jumamosi moja mimi na mwanangu tulikutana naye foleni kwenye duka la dawa. Akaulizwa kama analipa, akasema hapana, akapewa mfuko umejaa. Mwanangu akalipia inhela tu, ile ya kuvuta pumu ikimbana, dawa ya presha akairudisha. Tulipotoka nje akasema, makusudi asikike:

"Wengine tunaamka alfajiri kubeba ng'ombe mabegani, wengine kazi yao ni kubeba mifuko ya bure."

Yule mama akamgeukia. "Papa, unapenda ya bure? Kamata na figo zangu basi. Zote mbili. Sitakudai kitu."

Mimi nilicheka. Mwanangu hakucheka. Tulipofika mlangoni akasema, "Hata wewe, mama. Mabasi unapanda bure, dawa bure. Punda wenu ni mimi."

Nilikuwa nikidhani hasira yake ni ya jirani, kumbe hata mimi nimo.

Sasa sikilizeni nilichofanya. Kule nilikozaliwa dawa ilikuwa ya nyumba, haikuwa ya mtu. Aliyebakisha alimpa mwenye ugonjwa kama wake, na hakuna aliyeuliza. Mimi pia nina presha. Basi kila asubuhi nikawa nakata kidonge changu kwa kisu cha jikoni, nusu yangu, nusu yake, tunashushia na chai. Mkewe hakujua. Niseme ukweli: sikuwa namtibu. Nilitaka aache kuniangalia vile. Na kweli akaacha. Akawa ananisalimu vizuri, ananiuliza magoti. Tukakaa hivyo kama wiki tatu.

Kisha siku moja mchana akaletwa nyumbani na mwenzake wa kazi. Kifua kilikuwa kimembana akiwa na kisu mkononi. Alivuta inhela, haikumsaidia sana. Nikasema twende hospitali, akakataa. "Kesho nisipoingia wananipa onyo, mama. Nikipata onyo jingine nitaenda wapi?" Nikamshika mkono nikamvuta mpaka duka la dawa.

Mwenye duka ni Muhindi mzee aliyezaliwa Kampala. Kiswahili chake ni kile cha dukani, lakini kinanyooka akikasirika.

"Amemeza nini huyu?"

Mwanangu akanitazama. Nikatoa pakiti yangu mfukoni.

"Mama, hii umempa mtu wa pumu?"

"Nusu tu, daktari."

"Hiyo nusu inafunga kifua. Ingemuua. Na wewe nusu yako haikutoshi. Sasa mko wagonjwa wawili kwa kidonge kimoja." Tayari alikuwa ameshika simu, anaita ambulensi.

Alilazwa siku mbili. Nilikaa kando ya kitanda nikitazama kifua kikipanda na kushuka, na maneno yake ya kwanza yalikuwa, "Hizi siku hawanilipi." Mkewe akamweleza alivyosema yule mzee wa duka la dawa, kwamba iko kadi unayolipia kila mwezi, ukiwa nayo dawa zote unazoandikiwa unachukua bila kutoa kitu tena. Akageukia ukutani. "Kulipa tena," akasema. "Kila mlango naopita, nalipa."

Sikumlaumu. Kiwanda ni kilekile, viza ni ileile, na mimi siwezi kuvunja hata kimoja. Ninachoweza ni kuamuru nyumbani mwangu. Jioni aliyorudi nikawaita wote jikoni, hata wajukuu wanaonijibu Kiingereza, nikasema: "Hiyo kadi italipiwa kabla ya kodi ya nyumba, na pensheni yangu itachangia. Kuanzia kesho kila mtu anameza dawa iliyoandikwa jina lake, mbele yangu, hapa. Asiyemeza, hatoki kwenda kazini."