Unampa, au Unamwazima?

Sisi tuliokulia kwenye makambi ya mkonge ya Korogwe tulikutana na nguo mpya mara chache sana, ndiyo maana tuliitambua kwa harufu. Nyingine zote zilitufikia zikiwa na maisha yake tayari. Shati la baba lilishuka kwa kaka, likashuka kwa mdogo wake, likaishia kupangusia taa ya chemli. Gauni langu la shule lilikuwa sketi ya shangazi. Nakumbuka tukicheza rede nyuma ya korona, kile kiwanda mkonge uliposagwa na kutoa ile harufu kali ya uchachu. Mpira tuliushindilia vipande vya nguo tulivyookota chini ya cherehani ya Fundi Mhina. Ukipigwa nao, huenda umepigwa na suruali ya jirani yako.

Fundi Mhina alikuwa Mzigua wa Handeni, Mwislamu mwenye kofia safi iliyotariziwa, na alishonea barazani kwenye duka la vitambaa la Mhindi mmoja pale mjini. Cherehani ya kukanyaga, pasi ya mkaa, futi shingoni. Ukimpelekea nguo chafu alikurudisha nayo nyumbani. Alitaka uje na viatu utakavyovaa siku yenyewe, na kama huna, alipima hadi kwenye kifundo bila kukuuliza neno. Kila nguo uliijaribu kwanza kabla hajaishona moja kwa moja. Kosa lake, na vijana wasidhani limeanza kwa mafundi wao, ni hili: "njoo kesho" yake ilikuwa na kesho nyingine ndani. Tulimsamehe, maana lile asiloliweza alikwambia mapema, kabla hujaiacha nguo yako mikononi mwake.

Mwaka wa kipaimara changu, mwalimu wa dini alisema wasichana wote tuvae magauni meupe. Nyumbani nguo nyeupe ilikuwa moja tu, gauni la poplini ambalo mama aliolewa nalo kwao Dindira. Alilitunza sandukuni na majani makavu ya mchaichai, akalitoa Krismasi na Pasaka. Asubuhi moja alilifunga kwenye kanga, akanishika mkono, tukaenda mjini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Huyu ndiye bibi harusi?"

"Anakwenda kipaimara. Nataka umpunguzie hili."

Fundi alilifungua gauni, akaligeuza ndani nje, akaifuata mishono kwa kidole gumba. Kisha akamtazama mama.

"Unampa, au unamwazima?"

Mama alikuwa bado ameshika ncha ya pindo.

"Tofauti yake ni nini, mzee?"

"Nikikata, litamkaa kama lake, ila wewe hutalivaa tena. Nikikunja, utarudishiwa likiwa zima. Lakini kitambaa kitajazana kiunoni na shingo itabaki pana. Hilo siwezi kulificha, usije ukaniletea lawama Jumatatu."

Mimi nilitaka likatwe. Binti wa msimamizi wa shamba alikuwa ameshonewa jipya, lenye mikono ya puto, na sifa zake tulizisikia wiki nzima. Mama alilijua hilo.

"Kata, mzee," akasema. "Asije akachekwa na wenzake."

"Sawa. Mkasi upo, hauna haraka. Acha nipige bandi kwanza."

Nikalivaa, akaanza kukunja na kushikiza kwa ule uzi wa mishono mirefu, unaofumuka ukiuvuta. Akanisimamisha mbele ya kioo cha duka. Mama alipiga magoti kunyoosha pindo, uso wake ukawa usawa wa kiuno changu, nikamwona kiooni akilinusa gauni lake. Taratibu, kama mtu anayeaga.

"Mama," nikasema, "libaki hivi hivi."

"Shingo ni pana."

"Nitavaa fulana ndani."

Fundi alicheka mpaka akatoa pini mdomoni. "Fulana mbele ya askofu, mjukuu wangu? Hapo shingoni nitapitisha utepe, utaukaza na kufunga mgongoni."

Jumapili ilipofika nilikaa mstari wa mbele, nimetuna kiunoni kama gunia la mahindi. Binti wa msimamizi akaninong'oneza, "Umeficha chakula humo?" Nikamjibu, "Ndiyo, na hupati." Askofu aliponiwekea mikono kichwani sikulikumbuka gauni hata kidogo, na ninamshukuru Mungu kwa hilo mpaka leo.

Mama alifumua mikunjo, akalifua, akalirudisha sandukuni. Pasaka iliyofuata alilivaa. Alilivaa siku ya harusi yangu pia. Miaka mingi baadaye alituagiza, kwa sauti ya mtu anayepanga safari, kwamba ndilo tumvike siku Bwana atakapomwita. Tukamvika. Ugonjwa ulikuwa umemkondesha, kwa hiyo nilichukua sindano nikalikunja pale kiunoni, nikifuata mistari hafifu iliyoachwa na Fundi Mhina. Kulikata sikuthubutu.

Juzi nilimsindikiza mjukuu wangu kwa fundi mmoja wa Masuguru, na gauni ambalo mama yake, mwanangu, aliolewa nalo. Alimwonyesha fundi picha kwenye simu, gauni la mtu mwingine mwenye mwili mwingine. "Nataka liwe hivi, fundi." "Poa, hamna shida," akajibu kijana, na mkasi ukalia kabla sijapata pa kukaa. Jioni ile ile lilikuwa tayari, jambo ambalo Mhina hakuliweza maishani mwake. Limembana vizuri, kama wanavyopenda. Akikaribishwa chai na andazi, itabidi achague kimoja. Mama yake hana neno, anayo magauni mengine. Siwalaumu. Nguo siku hizi ni nyingi, na nani anatarajia kuivaa moja mpaka kaburini?

Lakini usiku wakiwa wamelala... hapana, niseme ukweli, palepale dukani nililigeuza ndani nje, nikatafuta kwa kidole gumba kitambaa cha akiba kwenye mishono. Sikukikuta. Nikamwaza mtoto wa kike ambaye mjukuu wangu atamzaa siku moja, Mungu akijalia, atakaposimama mbele ya kioo akitaka kuazimwa kitu cha mama yake.