Tumbusi Anayekula Chikichi

Njia ilipoyaacha mashamba ya mihogo nje ya kijiji cha Simbo, Mariana hakujua tena yuko wapi. Shamba la michikichi walikokuwa wakienda lilikuwa lake tangu kaka yake Castory alipofariki, lakini hakuwahi kulikanyaga. Yeye ni mtu wa mjini, Buzebazeba, muuza vitenge. Mbele yake Feliksi alipanda kilima bila kuhema, kamba ya kukwelea begani. Mvua mbili tu zilikuwa zimenyesha, na tayari majani mabichi yalichungulia kwenye majivu ya kiangazi.

Feliksi anakwea michikichi ya watu mwaka wa ishirini na sita huu. Yeye mwenyewe hana hata mmoja. Lakini anaijua mmoja mmoja, upi una nyuki, upi unayumba, upi unazaa kwa maringo. Mwenye shamba akisema kata, hukata. Safari hii tu ndiyo aliomba kwanza asubuhi moja ya kumpeleka Mariana shambani.

Kisa kilikuwa tumbusi. Alijenga kiota kwenye mchikichi mrefu kuliko yote, na mwezi uliofuata Castory akafa. Majirani wakasema ndege huyo ni mchawi, alinusa maiti mapema. Mariana akaagiza mti uangushwe.

“Umenitoa kitandani kuja kumwamkia tumbusi?” aliuliza walipojibanza nyuma ya kichuguu.

“Mwone kwanza, Mama. Ukishamwona, neno lako ndilo.”

Vumbi na moshi wa kiangazi vilikuwa vimeoshwa. Ng’ambo ya ziwa milima ya Kongo ilisimama karibu mno, mtu angedhani imesogea usiku. Ndipo ndege akaja. Mariana alitazamia kitu cheusi chenye shingo ya kunyonyoka. Huyu alikuwa mweupe, mbawa zimetiwa weusi, uso mwekundu kuzunguka macho. Alitua juu ya mkungu wa mchikichi ule mrefu, akachomoa tunda moja, akalikanyaga kwa ukucha na kulimenya taratibu kwa mdomo. Kokwa ikaanguka chini. Akachomoa jingine.

“Anakula nini?” Mariana alinong’ona.

“Chikichi. Kama ni mchawi, Mama, basi ni mchawi wa mawese.”

Mariana hakucheka. Kutoka upande wa ziwa alikuja wa pili; wakapaa pamoja hadi wakawa wadogo, kisha mmoja akajipindua, tumbo juu, akaporomoka na kujizuia juu kidogo ya makuti. Mariana alijikuta amesimama. Kaka yake aliishi chini ya mbingu hii miaka yote, naye hakuwahi kumwuliza anaona nini.

 Feliksi alikuwa na shamba jingine la kukwea kabla jua halijawa kali. Akaivaa kamba yake begani.

“Mti usiukate,” Mariana alisema bila kugeuka. “Na mikungu yake usiiangue.”

“Hata mmoja?”

“Waachie.”

Feliksi aliitikia, akashuka kwa hatua zake fupi za mkwezi mpaka mihogo ikammeza. Mariana alibaki pale pale, kanga imemwangukia mabegani, akiwatazama wale ndege.