Sauti ya Fundi Zege Siku ya Hitma

Huku kwetu Mtwara, mtu akifa, mtani wake humfufua kidogo kwa kumwigiza mbele ya wafiwa ili watu wapate kucheka. Mtani akikuvunjia heshima msibani huna ruhusa ya kununa. Ukinuna, wewe ndiye huna adabu. Mume wangu alikuwa Mmakonde, mtani wake Myao, na wote wawili walikuwa mafundi zege wa mkandarasi mmoja hapa Mikindani.

Zege la ghorofa lilimwangukia mume wangu akiwa chini yake. Tajiri wao, ndivyo wanavyomwita mkandarasi, alilia kuliko mimi. Alikuwa amewakatia mafundi wake bima, maana siku hizi bila bima hupewi kazi hata ya kujenga choo kule Madimba kwenye gesi. Masharti yake niliyajua, kwani marehemu hakuchoka kuyasimulia. Mirunda, yale magogo yanayoshikilia zege mpaka likomae, haitolewi hadi mhandisi aseme. Fundi akikosea mwenyewe, bima inalipa. Tajiri akiamuru itolewe kabla ya ruhusa, bima hailipi kitu.

Tajiri alieleza kwamba marehemu aliitoa mirunda kwa uamuzi wake, kwa haraka zake. Haraka! Mtu ambaye chai tu aliinywa mpaka mimi nimeshaosha vyombo. Sikuamini, lakini msibani kuna mengi mtu haamini.

Siku ya hitma alikuja ofisa wa bima kutoa pole, na kuchunguza pia. Alikaa barazani na wanaume, tajiri akiwemo. Mimi nilikuwa ndani, nimeshaanza eda, nikichungulia penye pazia. Ubwabwa ulipokwisha kuliwa, mtani akavaa kofia ngumu ya marehemu na kushika mwiko wake wa ujenzi. Akakohoa kile kikohozi cha marehemu. Akatembea, kandambili zikiburuzwa vilevile, nami nywele zikanisimama. "Zege halilali, jamani," akasema kwa sauti ya mume wangu, na watu wakashika mbavu. Nami nilicheka, Mungu anisamehe.

Kisha ile sauti ikasema, "Tajiri, mhandisi bado. Haya, kama mirunda inatakiwa kwenye ujenzi wa Naliendele leo leo, natoa. Lakini natoa kwa amri yako."

Kicheko kikakatika. Tajiri aliinama akatazama kucha zake. Mtani naye akaivua kofia taratibu, ameshtushwa na mdomo wake mwenyewe.

Baadaye ofisa aliomba, kupitia kwa shemeji yangu, aniulize jambo, yeye nje na mimi ndani. Alikuwa mpole. "Mama, yule bwana alikuwa anaigiza jambo alilolisikia, au ni utani tu?"

Mtani huongeza chumvi, najua. Lakini "kwa amri yako" ni maneno ya mume wangu. Ndivyo alivyonijibu kila nilipomtuma dukani. Kwa hiyo nilijua ni kweli. Nikawatazama wanangu waliojilaza mkekani. Mikorosho ni ya ndugu za marehemu, nyumba ni ya kupanga, na mimi sina kazi.

"Utani tu," nikasema.

Bima ililipa. Tunakula, tunavaa, watoto wanasoma. Tajiri anaendelea kujenga, na tukikutana sokoni ananiamkia kwa heshima ambayo hakuwa nayo kwangu enzi za uhai wa marehemu. Lakini nikiwa peke yangu napepeta mchele, mchana kweupe, nasikia kandambili zikiburuzwa uani, na kile kikohozi. Sitoki kutazama. Nikimkuta, nitamjibu nini?

Nilidhani deni hilo ni letu wawili tu, mimi na marehemu. Mji mdogo huu, maneno hayakai. Juzi binti yangu alirudi kutoka shuleni amevimba macho. Kule kulikuwa kunamwagwa zege la darasa jipya, na wenzake wakamwambia Mungu awaepushe na fundi mzembe kama baba yake.

Alisimama mlangoni na mkoba begani. "Mama, ni kweli baba alijiua mwenyewe kwa haraka zake?"

Nikisema hapana, kesho neno litafika shuleni, keshokutwa litamfikia tajiri na watu wa bima. Binti alikuwa akinitazama usoni, akiomba nikatae.

"Ndiyo, mwanangu," nilimwambia, nikampakulia chakula.