Nyavu Zitundikwe kwa ajili ya Nani?

Vijiji vinne vya ukingoni mwa ziwa Tshangalele vilipounganishwa kuwa kimoja, watu hawakugombania uchifu. Waligombania wafu. Mtu akifa kule mwisho, kwenye nyumba za wakaanga samaki, je, sisi wa huku nasi tutundike nyavu?

Desturi ya ziwani ilikuwa hivi. Akifa mtu, nyavu zote zinatolewa majini na kutundikwa kwenye miti, na hakuna mtumbwi unaosogea mpaka marehemu azikwe na waliomzika waoge. Wavu ukiachwa majini huku maiti iko ndani ya nyumba, wanasema maji yanachafuka na samaki wanahama. Mwenye kuficha kifo anafukuzwa siku hiyohiyo, na godoro lake linatupwa nyuma yake. Kijiji kidogo kinaweza kuishi na sheria ya namna hiyo, maana hakifiwi kila wiki.

Sisi tulikuwa wageni. Baba alikuwa karani wa kampuni ya shaba huko Panda, mjini Likasi, mpaka mishahara ilipoanza kuchelewa, kisha ikasahau njia kabisa. Mama alizaliwa palepale, kwenye kambi ya wafanyakazi, binti wa mtu aliyeletwa kutoka Kasai kuchimba shaba. Miaka ile ya tisini, majirani tuliokula nao chumvi moja walianza kuwaita watu wa Kasai bilulu, yaani wadudu. Nilimsikia mwanamke niliyemshika mkono alipokuwa akijifungua akimwita mama yangu hivyo, kisimani, mchana kweupe. Sijamsamehe mpaka leo na sina haraka. Wengi wa ukoo wa mama walikwenda kulala stesheni ya Likasi wakingojea treni ya kuwapeleka kwenye nchi wasiyoijua. Baba akasema yeye hapeleki mtu stesheni, kwa kuwa mama yake mzazi alitoka ziwani. Basi tukaja ziwani: baba, mama, mimi na mtoto wangu wa miaka miwili, na mama yake mama, tuliyemwita Kaku kama wanavyoita nyanya kwao Kasai.

Siku ya kuunganisha vijiji alikuja bwana mmoja wa serikali kwa baiskeli, na muhuri mfukoni. Akatuhubiria kwamba umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu. Alikula kuku wawili, akaenda zake. Baba alipewa kazi ya kuandika watu wote katika daftari moja kwa sababu alikuwa na mwandiko mzuri, nasi akatuandika ukurasa wa kwanza, jambo ambalo halikuwapendeza watu. Wakakubaliana: kijiji kimoja, kilio kimoja. Yeyote aliyemo daftarini akifa, nyavu zote zitatundikwa.

Ndipo akasimama mwanamke aliyekuwa akiosha maiti za upande wetu, mrefu, mkavu, mwenye sauti ya kukwaruza.

"Na ule muzee wa Kasai?" akauliza. "Akikufa ye, nyavu yetu nayo itapumuzika?"

Watu wote wakatugeukia. Chifu mpya akakuna shingo.

"Tutaona siku atakufa," akasema.

Tutaona! Neno hilo moja lilitukalisha roho juu miezi mitatu. Kama nyavu zingetundikwa kwa ajili ya Kaku, basi tungekuwa watu wa pale, na hakuna ambaye angethubutu kutuuliza tena tumetoka wapi. Zisipotundikwa, jina lake limefutwa, na majina yetu yanafuata. Njia iliyobaki ilikuwa ya stesheni.

Mvua zilipoanza, ugonjwa wa kuhara ukaingia. Alikufa mtu upande wetu, nyavu zikatundikwa. Zikarudishwa majini, na kabla hazijalowa vizuri, akafa mwingine kwa wakaanga samaki. Kisha wawili siku moja. Zamani kila kijiji kingelia chake na vingine vikavua. Sasa tulikuwa kitu kimoja, basi tukalala njaa kama kitu kimoja. Nyavu zilikauka juu ya miti mpaka panya wakaanza kuzitafuna. Tulikula bukari, yaani ugali, kwa sombe ya majani ya muhogo isiyo na chumvi, halafu sombe bila bukari. Mtoto wangu aliacha kulia, na mzazi yeyote anajua kwamba hapo ndipo pa kuogopa.

Jioni moja baba alirudi kutoka kwa chifu, akaketi bila kuvua kofia.

"Banasema, tutalia huyu wa leo, tunamaliza," akasema. "Mwingine akifuata, na kama ni ule wetu, hakuna mutu atatoa wavu. Banasema tumuzike njiani, tukiwa tunaenda stesheni."

Kaku alikuwa amelala nyuma ya pazia, na kwa siku nne alikuwa hamezi kitu isipokuwa maji ya kijiko.

Tangu hapo mlango wetu ulikuwa na macho. Wanawake walipita asubuhi na jioni: "Ameamuka namna gani?" Hawakuuliza kwa mapenzi. Niliwajibu kwamba ameamka vizuri kuliko wao. Mdomo wangu haukuwahi kuwa na kufuli, na baba alinionya mara nyingi kwamba mgeni hapaswi kujibu hivyo. Lakini usiku nilikuwa nikiweka kiganja mbele ya pua ya Kaku, nikimwomba Mungu ampe siku moja zaidi, na bado siku moja zaidi. Nilimpenda, lakini nitasema kweli: sikuwa nikimwombea yeye.

Marehemu wa mwisho akazikwa, wazikaji wakaoga. Kesho yake alfajiri, wanaume walishusha nyavu kutoka kwenye miti. Tuliwasikia wakipita mbele ya nyumba wakicheka, kicheko cha watu wenye njaa wanaojua watakula. Wakati huohuo Kaku alivuta pumzi ndefu, na hakuirudisha.

Mama alifungua mdomo kulia. Nilimziba kwa mkono.

Sikupanga. Mkono ulikwenda wenyewe. Mama alinitazama juu ya vidole vyangu, macho yamemtoka, nami nikamwambia sikioni: "Mama, waache wale kwanza. Wakila watamlilia. Wasipokula watatufukuza." Alinung'unika kitu ndani ya kiganja changu. Alikuwa amefiwa na mama yake, na mimi, binti yake, nilikuwa nimemnyima hata kilio. Kisha akalegea. Baba alikuwa amesimama mlangoni. Aliona, akatoka nje, akaanza kupasua kuni ambazo hazikuhitaji kupasuliwa.

Tuliketi hivyo, mama na mimi, Kaku katikati yetu amefunikwa mpaka kidevuni kama mgonjwa. Nyavu zilikuwa majini na maiti ilikuwa ndani. Nilisikiliza kila sauti kutoka ziwani. Mtumbwi ukipinduka leo, nilijiambia, ni mimi. Nikahesabu waliokwenda, mmoja mmoja, kwa sura zao. Hata niliowachukia niliwaombea warudi.

Jua lilipopanda, yule mwosha maiti alikuja mlangoni na vitukuu wake wawili, matumbo yao yakiwa yamevimba kwa njaa.

"Ameamuka namna gani?"

"Analala," nikasema.

"Analala sana leo."

"Ndiyo, mama. Analala sana."

Akachungulia juu ya bega langu, akaondoka na watoto kuelekea ufukweni.

Mitumbwi ilirudi karibu na saa sita, yote. Ziwa lilikuwa limepumzika muda mrefu na samaki walikuwa wamejaa, mpende wapana kama sahani. Moshi ukapanda kila uani. Hata sisi tuliletewa wawili, na sikujua nicheke au nitapike. Nilimlisha mtoto wangu kwa vidole, nikitoa miba, mgongo wangu ukiwa kwa Kaku. Alikula, kisha akalilia zaidi. Nilifurahi kusikia analia.

Nilipoona watu wameanza kujilaza kivulini, nilimgeukia mama.

"Sasa," nikasema.

Alilia kilio cha tangu alfajiri, chote kwa pamoja. Hakuna aliyeweza kusema kilikuwa cha uongo.

Mwosha maiti alifika wa kwanza, wanawake wengine nyuma yake. Akawaambia wangoje nje mpaka awaite, akafunga mlango. Akapiga magoti, akafunua nguo, akashika mkono wa Kaku kuukunja juu ya kifua. Mkono haukukunjika. Akajaribu shingo. Ilikuwa ngumu kama mpini wa jembe. Alikuwa ameosha wafu tangu ujana wake, na hakuna aliyehitaji kumfundisha maana ya ugumu ule.

Akainua macho, akatutazama, mama kwanza, halafu mimi. Nje, chifu alikuwa tayari anauliza mzee amekufa saa ngapi.

"Leta mayi ya moto," mwosha maiti akaniambia. "Moto sana. Na kitambaa."

Nikaleta sufuria lililokuwa jikoni. Alilowesha kitambaa, akakikamua, akakanda mabega, viwiko, taya, taratibu, akikunja na kukunjua, mpaka mikono ikakubali kulala kifuani. Akaweka kitambaa cha moto kwenye paji la uso, akakiondoa, akafungua mlango.

"Amekufa sasa hivi," akamwambia chifu. "Guza, iko moto."

Chifu akagusa. Akatoka, nikamsikia akipaza sauti kuelekea ufukweni kwamba nyavu zitolewe, zitundikwe zote, mpaka kule kwa wakaanga samaki. Hakuna aliyebisha. Wanawake wakaingia, na nyumba ikajaa kilio.

Mwosha maiti alikuwa bado amemshika Kaku mkono. Aliniita kwa kidole nikainama karibu naye, na pumzi yake ilinuka samaki.

"Hata miye nilikula," akasema.