Maji ya Mikono ya Mama Kiden

Mwone msichana wa miaka tisa, bado kavaa gauni la Idi ya jana, anapita uchochoro wa Awindiri, mtaa wa mji wa Arua, na bakuli tupu mkononi. Ametumwa kwa jirani kuomba kitu kisichoombeka kirahisi: maji ambayo jirani huyo amenawia mikono. Nilipokuwa mtoto, msichana huyo alikuwa mimi, na asubuhi ile nilitamani njia iwe ndefu zaidi.

Nyumbani sungura wangu, Pamba, alikuwa amejikunja kwenye kona ya kizimba tangu alfajiri. Hakula. Hakutoa hata punje moja ya kinyesi. Alisaga meno kwa sauti ndogo, na nilipomgusa tumbo, niliona limejaa na kukaza. Haboba, ndivyo sisi Wanubi tunavyomwita bibi, alikwishajua chanzo. Jana, jirani yetu Mama Kiden alikuja kutupa mkono wa Idi, akamwinua Pamba, akasema amenona kweli kweli. Hakusema mashallah. Alikuwa Mkristo, wa kabila la Wakakwa, kutoka kijiji cha Abuku kule Koboko, na neno hilo halikuwa katika mazoea yake.

“Jicho,” alisema Haboba. Na dawa ya jicho kwetu ilijulikana: mgonjwa amwagiwe mgongoni maji aliyonawia mwenye jicho. “Enda, sema Haboba anasalimia. Usitaje jicho. Omba maji tu.”

Nilimkuta Mama Kiden mlangoni, mtoto wake mchanga mapajani.

“Maji ya kunawa? Ya hii mikono yangu?” Alilitazama bakuli, akacheka. “Haya. Sungura iko mgonjwa, na mimi niko mchawi.” Kisha kicheko kikakatika. “Iko mgonjwa namna gani?”

Nikamweleza. Alinawa ndani ya bakuli bila ugomvi, akamfunga mtoto mgongoni, akachukua kichupa kidogo kilichokuwa dirishani. Ilikuwa dawa ya matone ya kutoa gesi, ile wanayopewa watoto wachanga wanapolia kwa tumbo. “Twende,” alisema.

Tulimkuta Haboba akiloweka kisra katika maziwa. Kisra ni mkate wetu mwembamba wa mtama uliochachushwa, na kwa Haboba hakuna mgonjwa aliyestahili kukosa kisra na maziwa.

“Jana imekula nini?” aliuliza Mama Kiden.

“Majani,” Haboba alinijibia.

“Majani tu?”

Wote wakanigeukia, na binamu zangu waliokuja kwa Idi pia. Nikasema, “Majani tu.”

Ukweli ni kwamba Haboba alikuwa na sharti moja la sikukuu: asubuhi ya Idi, kila kinywa chini ya paa lake lazima kionje kisra. Hata mgeni aliyeshiba alimega. Mimi nilikihesabu kinywa cha Pamba pia. Nilimpa vipande viwili, naye akavila vyote huku masharubu yakicheza. Sasa nilikuwa natazama kipande cha tatu kikilainika katika maziwa. Niliogopa Pamba atakufa. Niliogopa pia macho yale yote.

Mama Kiden hakunibana. “Njoo, mwanangu, tukate majani.”

Nyuma ya jiko alichuchumaa, akakata nyasi bila kunitazama. “Mimi sitasema kwa mtu. Imekula nini?”

“Kisra.”

“Kidogo?”

“Vipande viwili.”

Akasimama haraka. “Haboba, hiyo ya maziwa ngoja kwanza! Tumbo iko imejaa hewa.”

“Wewe ndiyo umejaza,” Haboba alimjibu, “sasa unamnyima na chakula?”

Nilisubiri anitaje. Mama Kiden aliniangalia mara moja tu.

“Ndiyo, mama. Mimi nimejaza. Basi acha mimi nitoe.”

Haboba aliweka bakuli la maziwa chini. Mama Kiden alimdondoshea Pamba matone mdomoni, akampapasa tumbo kwa vidole vyepesi, akamwacha atembee juani, akamwekea nyasi na maji safi. Mwishowe, bila kuombwa tena, akammwagia mgongoni yale maji ya mikono yake mwenyewe. Alasiri Pamba alitoa vipunje vitatu vya kinyesi, na Haboba akapiga vigelegele kama yuko harusini.

Leo nafundisha shule moja ya Ayivu, jirani na Arua, na darasa langu linafuga sungura. Daktari wa mifugo alinieleza kwamba matone yale huvunja tu mapovu ya gesi. Kinacholiamsha tumbo ni nyasi, maji, joto na kutembea. Tumbo likiwa gumu kama ngoma lisikandwe, na sungura aliyeacha kula apelekwe kwake siku ileile. Wanafunzi huniuliza nini hasa kilimponya Pamba. Nawaambia sijui. Vyote vilifika mchana mmoja, nami bado najiuliza.

Ninachokijua ni kingine. Habari ilienea Awindiri. “Mama Kiden, funga macho, kuku zangu zinataga!” wanawake walimtania, na wengine hawakuwa wanatania, waliwafunika watoto wao akipita. Yeye alicheka. Mimi nilinyamaza mpaka Haboba akafariki.

Mwaka jana nilikwenda Abuku, alikorudi kuishi uzeeni, kumwomba Mama Kiden radhi.

“Hii macho?” alisema. “Saa hizi haioni hata sufuria. Wewe ulisema, sungura ikapona. Basi.”

Lakini halikuwa “basi” kwangu. Nilirudi Arua nikihesabu miaka aliyobeba jina lisilo lake kwa ajili ya mtoto wa jirani.

Kwa hiyo nawaomba, wazazi na walimu, mkumbuke jambo moja. Mtoto akikaa kimya, msimwulize mbele ya watu. Mchukueni pembeni, mpeni kazi ndogo ya mikono, ulizeni kwa sauti ya chini, kisha subirini.