Macho ya Mzee Kwenye Kompyuta

Cheka, lakini usinitangaze. Kompyuta ilipoletwa ofisini kwetu Embu, fundi aliweka kwenye skrini macho mawili ya mchezo, yanayofuata mshale wa mausi kila unakoenda. Mimi, Kinya, nikaamini ni mkubwa wetu, Mzee Njeru, ananichunga kutoka ofisini kwake. Kila asubuhi niliyasalimia kwa heshima.

Jana njaa ilinishika, na mama alikuwa amenitumia viazi vya kuchemsha kutoka Kibirichia. Nikausukuma mshale hadi pembeni, macho yakageukia dirishani, nikayaomba: "Mzee, tafadhali tazama huko kidogo."

Nikajaza mdomo. Nikasikia kikohozi nyuma yangu. Mzee Njeru alikuwa amesimama mlangoni, ametazama dirishani kwa utiifu.

"Kinya," akasema, "sasa naweza kugeuka unipe kimoja?"